Kilichovunja Mgongo wa Baba

Nyumbani, chumba cha nyuma ya karakana,
Jumapili, 18 Mei.

Mpendwa mdogo wangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu, na kwamba kile kikohozi kilichokusumbua wakati wa baridi kimekwisha. Kazi ya ghalani inakwendaje? Bado wanakupa zamu za alfajiri? Sisi huku tupo, tunapumua. Mama ni mzima isipokuwa goti lake. Mimi ni mzima. Binti yako naye ni mzima wa mwili, na habari zake nitazifikia chini huko, naomba usiruke mstari.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu nyumba yetu unaijua. Kuta ni mbao tupu. Ukikohoa jikoni, unapewa pole karakanani. Na sauti yangu siku hizi hainitii. Barua anaibeba rafiki yako Mrefu, anayesafiri keshokutwa. Isome ukiwa umekaa.

Baba anaumwa, mdogo wangu. Ni saratani ya damu.

Sasa nikupe habari kwa mpangilio, maana najua utauliza kwa nini hatukuona mapema. Tuliona. Tatizo ni kwamba kila tulichokiona tulikipatia sababu. Mgongo ulianza kumuuma tangu mwanzoni mwa mwaka, tukasema ni kubeba yale makabati ya hosteli ya wanafunzi, mazito kama madeni. Akachoka, tukasema ni umri. Kifua kikamshika mara mbili mfululizo, tukasema ni vumbi la mbao. Akaanza kunywa maji mengi, na hapo Mama akafurahi kabisa, akasema hatimaye mzee amesikia mawaidha. Suruali zake nilizibana kiunoni kwa mashine yangu hii hii ya kushonea makochi, nikazibana tena, na bado sikushtuka. Nilimtania kwamba anataka kuoa mke wa pili.

Dawa ya mgongo nyumbani kwetu huhitaji kuelezwa. Umeifanya wewe, nimeifanya mimi. Baba analala kifudifudi kwenye mkeka, na mtoto mwepesi kuliko wote anapanda, anatembea polepole kutoka kiunoni hadi mabegani huku ameshika benchi la kazi. Nakumbuka ulivyolia siku uliyostaafishwa kwa kuwa mzito, ukadai ni fitina yangu. Safari hii mpandaji alikuwa binti yako. Babu yake ndiye aliyembandika lile jina la Unyoya, na lilimkaa. Kadiri mgongo ulivyouma ndivyo tulivyomwita. Mwishowe ikawa kila jioni, na yeye akiona fahari, anaosha miguu kwanza kama daktari anavyoosha mikono.

Jumamosi ya wiki mbili zilizopita alipanda kama kawaida. Mimi nilikuwa pale pale nikikata sponji. Nilisikia mlio mdogo, kama kijiti cha kiberiti kikivunjwa. Baba hakupiga kelele. Alisema tu, kwa upole, "Shuka, mama, shuka taratibu." Halafu hakuweza kuinuka.

Tulimpeleka hospitali juu ya mlango, ule mlango mpya wa mteja, kwa kuwa hatukuwa na machela. Alikuwa anatweta kwa maumivu na bado akatuonya tusiukwaruze.

Daktari wa zamu alipiga eksirei akatuita. Pingili moja ya uti wa mgongo ilikuwa imesagika, imekuwa bapa kama sabuni iliyokanyagwa. Akauliza mzee ameanguka kutoka wapi. Tukasema hajaanguka. Akauliza tena, akitutazama Mama na mimi kwa jicho la polisi. Ikabidi nimweleze habari ya mtoto na mkeka. Akasema uzito wa mtoto hauvunji mfupa mzima. Ndipo alipoagiza damu ipimwe, na majibu yalipokuja hakutueleza kitu. Alitupeleka jengo la pili, kwa daktari wa damu. Mlangoni pameandikwa kabisa: Damu na Saratani. Mama hasomi vizuri bila miwani, na miwani ilikuwa nyumbani. Sikumsomea.

Daktari wa damu ni mama wa makamo, ana sauti ndogo na mikono ya baridi. Alimpapasa Baba shingoni, makwapani, na mapajani. Akamtazama ufizi. Akauliza kama anatoka jasho la kulowesha shuka, kama anapata homa zisizoeleweka, kama ana mavilio ya damu ngozini bila kugongwa. Kila swali jibu lilikuwa hapana, nami nikaanza kupata nafuu. Kumbe hakuwa anatafuta kama ipo. Alikuwa anatafuta ni ipi.

Maana saratani ya damu si moja, mdogo wangu, mimi nilidhani ni moja. Alinieleza nje, kwenye benchi la korido. Kuna inayojaza damu chembe nyeupe changa zisizojua kazi. Mgonjwa anapauka, anatokwa damu puani na kwenye ufizi, homa haziishi. Hiyo huitwa lukemia, na hata yenyewe ina ya haraka na ya polepole. Kuna inayoanzia kwenye tezi, zinavimba shingoni au makwapani bila kuuma. Na kuna inayojificha ndani ya uboho na kula mfupa kutoka ndani. Hiyo huja na maumivu ya mgongo, kiu, uchovu, kifua cha mara kwa mara, na figo kuanza kuelemewa. Alipofika hapo nilikuwa nimeshika ukingo wa benchi. Alikuwa kama amekaa nasi nyumbani mwaka huu wote.

Lakini alisema kudhani si kujua, na dawa ya moja si dawa ya nyingine. Ilibidi achukue uboho kidogo kwa sindano, kwenye mfupa wa nyonga kwa nyuma, auangalie kwa hadubini. Bila hicho hawezi kuanza tiba. Na kusubiri kwenyewe kuna hatari: pingili ikizidi kushuka inaweza kubana mishipa, miguu ikafa.

Baba akakataa. Unamjua. Alisema mgongo huu umeshaguswa vya kutosha, apewe dawa ya maumivu arudi kwake. Akarudi, amefungwa mkanda mgumu kifuani hadi kiunoni, amelazwa chumba cha mbele. Kila asubuhi nilikuwa naingia na chai, naomba achezeshe vidole vya miguu. Anavichezesha, ananiambia, "Bado vipo, usivipige mnada." Natoka nje, nakaa kwenye rundo la vitambaa.

Msumari, mwenzake wa karakana, alikuja kumjaribu. Alimwambia, "Ukiletewa kitanda kina matundu, unapaka dawa kabla ya kujua kama ni mchwa au dumuzi?"

Baba akamjibu, "Kitanda hakisikii uchungu."

Msumari hakumbishia. Akala ndizi zilizoletwa kwa ajili ya mgonjwa, akaondoka.

Sasa nimefika kwa binti yako. Tangu siku ile alibadilika, nasi katika hekaheka zetu hatukumtazama. Alianza kutembea kwa ncha za vidole. Nyumba nzima anazunguka hivyo, tukadhani ni adabu, asimsumbue mgonjwa. Sahani yake ilirudi tupu kila mara, tukamsifu. Jumanne Mama alimkuta uani akimmwagia paka chakula chote. Akamuuliza kwa nini. Mtoto akasema, "Nataka niwe mwepesi tena. Nilikuwa nimenenepa, nikamvunja Babu."

Mama alikaa chini pale pale na goti lake bovu, akamkumbatia. Na ile sentensi, mdogo wangu, ilipita kwenye mbao kama kila kitu kinavyopita.

Baba aliniita. Nilimkuta anatazama dari, machozi yakimwingia masikioni kwa kuwa hawezi kugeuka. Sijawahi kuyaona machozi ya baba yetu, hata tulipomzika Bibi. Akasema, "Mwite huyo mwenye sindano. Nataka kijulikane kilichonivunja, kiwe na jina lake. Mtoto huyu asikibebe."

Alhamisi tulimrudisha hospitali, akatobolewa. Niliruhusiwa kukaa upande wa uso wake. Alilazwa ubavu, wakamchoma ganzi, lakini daktari alionya kwamba ganzi haifiki ndani ya mfupa, na wakati wa kuvuta ataumia. Baba alinishika mkono. Wakati wa kuvuta alifumba macho, na mkono wangu hadi leo una alama za kucha zake. Ilipokwisha, Baba alimuuliza daktari hiyo keekee yake ya kutobolea ni ya ngapi, kwa sababu imekata vizuri. Daktari alicheka.

Majibu tulipewa juzi, Ijumaa. Ni ile ya tatu, ya uboho. Jina lake ni mayeloma. Picha zimeonyesha matundu kwenye mbavu pia na kwenye fuvu, madogo, mengi. Figo zimeguswa lakini hazijashindwa. Daktari hakutudanganya. Alisema haiponi ikaisha kabisa, lakini inatibika, inalazwa usingizi, na wapo wanaoishi nayo miaka. Tiba ni sindano na vidonge, na dawa ya kukaza mifupa, kuanzia kesho. Nilimuuliza miaka mingapi. Akasema kwanza tuone mwezi wa kwanza. Tangu hapo nasikia lile neno, kwanza, kila ninapofumba macho. Naogopa, ndugu yangu. Naogopa figo, naogopa ngazi za hospitali, naogopa mtu akimkumbatia Baba kwa nguvu. Jana Mama alipiga chafya nami nikaruka.

Baba alimwita Unyoya siku ile ile tuliporudi. Alimweleza mwenyewe, polepole, kwamba mifupa yake ilikuwa imeliwa kutoka ndani, kwamba hata kukohoa kungeweza kuivunja, kwamba kama si miguu ya Unyoya mgongoni tusingejua mpaka kuchelewa. Akamtajia jina la ugonjwa, akamtaka alirudie. Mtoto akalirudia bila kukosea. Nilidhani mambo yamekwisha. Jioni yake alikula nusu sahani akasukuma iliyobaki.

Nilipokuwa namsuka aliniuliza, "Shangazi, Baba yangu ameambiwa nani alikuwa juu?"

Nikamwambia bado.

"Akijua atakuja kunichukua, au ataniacha?"

Nilimwambia baba yake hawezi kumwacha. Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, kama mtu mzima anayemwacha mwongo aendelee. Maneno yetu sisi wa hapa hayamtoshi tena. Anaamini tunamfariji.

Kwa hiyo sikuombi fedha wala sikuombi uache kazi uje, ingawa ukiweza kuja, njoo. Naomba jambo moja. Ukimaliza kusoma hapa, piga simu, na usiombe kuongea na Baba wala Mama. Anza na yeye. Mwambie unajua nani alikuwa juu. Litaje jambo hilo wewe mwenyewe, usingoje alitaje yeye. Halafu mwambie kilichovunja mgongo wa babu yake kinaitwaje. Nimeliandika jina hapo juu kwa herufi za wazi ulisome bila kusita, maana ukisita atajua.

Mama anakusalimu, anasema uvae soksi. Baba Mdogo anakusalimu, na Shangazi Mkubwa, na Msumari ambaye sasa anachana mbao peke yake na kuilaani kila moja kwa jina. Msalimie wifi yangu, mwambie mwanawe analala kwangu, ubavuni mwangu.

Mungu akupe moyo wa kuyapokea haya, na atukutanishe Baba akiwa bado anatuamrisha.

Ni mimi, nikupendaye bila kupunguza,
Dada yako.