Alhamisi Mwanzo, Jumatatu Mwisho

Ijumaa. Mvua ya vuli inanyesha tangu watu walipotoka msikitini, ndogondogo, ile isiyomzuia mtu kutoka lakini akifika kwake imeshamlowesha. Nimerudi sasa hivi kutoka kwa Bibi, mtaa wa Amani. Buibui langu limetundikwa mlangoni, linachuruzika. Macho yamenivimba, maana leo nimelia, na kilichoniliza ni grafu.

Usinicheke, shajara.

Bibi, mama yake mama yangu, ana ugonjwa wa sukari. Babu alipofariki tulimwomba ahamie kwetu, akakataa katakata kuiacha nyumba yake. Basi binti zake watatu wakapanga zamu za kushinda na kulala naye: Mamkubwa Zuhura, Mama, na Mamdogo Rukia. Kila siku kabla ya alasiri mwenye zamu humtoboa kidole, humpima, kisha hutuma namba kwenye kundi la familia kwenye simu. Ikitoka nzuri tunaandika alhamdulillahi. Ikitoka mbaya tunaulizana amekula nini.

Miezi hii ya karibuni namba zilianza kushuka mno, na karibu kila mara zikishuka ilikuwa zamu ya Mamdogo Rukia. Wiki iliyopita, mikononi mwake tena, Bibi alitokwa na kijasho chembamba, akatetemeka, ulimi ukawa mzito. Hospitali walimpandisha sukari akarudi siku ileile akidai chai yake. Lakini huku nyuma maneno yalikuwa yameshaanza. Mamkubwa, ambaye hajui kunong'ona, alisema Rukia akili yake yote iko Mlandege kwenye duka lake la kanga na mama hamlishi. Akataka zamu yake wagawane yeye na Mama. Rukia awe anapita kumwamkia mamake, basi.

Mamdogo aliandika neno moja tu kwenye kundi: "Sawa."

Mtu asiyemjua angesema hajali. Mimi namjua. Hana mume, hana mtoto, anaishi chumba kimoja nyuma ya duka. Zile siku mbili mwenzake anapomshikia duka ndizo siku pekee anazompikia mtu mwengine. Kumnyang'anya zamu ni kumwambia arudi akapike chungu cha mtu mmoja.

Mamkubwa akanigeukia mimi. "Wewe si mtaalamu wa mahesabu? Tuchoree basi, tuone kwa macho." Kazini huchora grafu za mavuno ya mwani wa Uroa na vijiji vya pwani ile. Data zote ziko pamoja, naiambia programu izigawe kwa kijiji, na kila kijiji kinapata kidirisha chake, vimepangwa ubavu kwa ubavu, vyote kwa kipimo kimoja, ili ukitupa jicho tu uone nani kapanda na nani kashuka. Nikaona kufanya hivyo kwa sukari ya Bibi ni kazi ya kunywea kahawa.

Jana mchana nikakaa kitako. Nikaziingiza namba zote, tarehe, siku, na jina la mwenye zamu, kisha nikaiambia programu igawe kwa jina. Vikatoka vidirisha vitatu, binti mmoja mmoja. Cha Mamkubwa, nukta zote zimekaa juu kwa adabu. Cha Mama vivyo hivyo, karibu zote. Cha Mamdogo, nukta zimelala chini.

Nakiri, nilimhukumu.

Nilikitazama kile kidirisha nikamwona mtu mzembe, mamdogo wangu aliyenisuka nywele tangu sijaanza skuli. Programu haina chuki wala huruma. Inagawa kwa kile ulichoiambia igawe, na mimi nilikuwa nimeiambia igawe kwa watu, kwa hiyo ilinionyesha watu.

Kilichonizuia kuituma ile grafu ni nukta chache za Mama. Nazo zilikuwa chini kabisa. Nilidhani nimekosea kuandika, nikarudi kwenye kundi kuhakikisha, namba ni zilezile. Ndipo nikakumbuka kuwa kulikuwa na wiki Mamdogo alikwenda Uroa msibani, Mama akamshikia zamu, naye aliporudi akamlipa siku nyengine. Kwa hiyo nikajaribu mgawanyo mwengine: kila siku ya juma na kidirisha chake, na binti za Bibi niwatofautishe kwa rangi. Mamdogo nikampa nyekundu.

Programu, usipoiambia upange vipi, inapanga kwa herufi. Ikaweka Alhamisi mwanzo, ikafuatisha Ijumaa, na Jumatatu ikaitupa mwisho kabisa, baada ya Jumatano. Nilikereka. Juma letu linaanza Jumamosi, hata mtoto wa chekechea anajua. Mkono ulikuwa umeshafika kwenye kibodi kuusahihisha mpangilio, nikaona kitu.

Vidirisha vyote vya katikati, nukta ziko juu. Vilivyozama ni viwili tu, cha mwanzo na cha mwisho.

Humo mlikuwa na nyekundu za Mamdogo, ndiyo. Lakini na zile chache za Mama zilikuwa humo humo, zimezama pamoja nazo. Na zile siku Mamdogo alizomlipa Mama, Jumanne na Jumamosi, nyekundu zake zilikuwa juu pamoja na nyengine, hazina hata dalili ya kushuka.

Alhamisi na Jumatatu.

Nadhani hakuna mtu mtaani kwetu anayehitaji kuelezwa zaidi. Bibi na Babu walifunga sunna ya Jumatatu na Alhamisi tangu mimi sijazaliwa. Ugonjwa ulipomzidi daktari alimkataza, yeye akaitika "Naam, daktari" kwa sauti ya upole, sote tukaridhika. Na tangu kupanga zamu hatukuziita tena siku kwa majina yake. Ilikuwa zamu ya Zuhura, zamu ya Rukia. Jumatatu ilipotea mbele ya macho yetu.

Leo baada ya chakula cha mchana nikafungua kompyuta ukumbini kwa Bibi. Mpango ulikuwa niwaonyeshe binti zake tu, Bibi akiwa chumbani, kwani mambo haya yote tulimficha asije akaumia. Lakini mwenye grafu ni yeye. Nikamwita. Mamkubwa akanikata jicho, nikajifanya sikuliona.

Nikamwambia, "Bibi, hizi ni siku zako." Akavaa miwani. Akaitazama Alhamisi, akaitazama Jumatatu, kisha akatazama nje dirishani, kwa kuku wa jirani, ambao wamenenepa kweli. Akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Mshaanza kunipeleleza na mashine?"

Akasema yote, wala hakuona haya. Dawa anameza na maji wakati wa daku, na tende moja. Chai ya asubuhi na chakula cha mchana anaomba apelekewe chumbani, mtu mzima hapendi kutazamwa akila, halafu vinapitia dirishani. Magharibi anafuturu vizuri, na anayemwandalia anafurahi kuona mama ana hamu. "Babu yenu ndiye aliyekuwa akiniamsha daku," alisema. "Sasa n'najiamsha mwenyewe. Mkinitoa na hilo, n'nabaki na nini mimi?"

Grafu yangu haikuwa na kidirisha cha hilo.

Ni Mamkubwa aliyelitoa lile jengine, kwa sababu kufunika mambo hajui. "Mama, na sisi tulishataka kumwondoa Rukia." Bibi akavua miwani. Akauliza kumwondoa wapi, na kwa nini, akaelezwa. Kicheko chote kikamtoka usoni.

"Mumemlaumu mwanangu kwa saumu yangu?" Akamgeukia Mamdogo, aliyekuwa amekaa karibu na mlango kama mtu anayetaka kuondoka mapema. "Na wewe ukanyamaza?"

"Ningesema nini, mama?" alisema Mamdogo. "Mwenyewe nlidhani ni mimi. Nlidhani chakula changu hakikukai."

Kumbe muda wote ule alikuwa akibadilisha mapishi. Leo uji wa mtama, siku nyengine mkate wa maji, siku nyengine mbaazi za nazi tui zito, akitafuta kitakachomkaa mama yake mwilini. Anarudishiwa sahani nyeupe, anapima, namba iko chini, anaituma kwenye kundi sote tuione. Hakuificha hata moja. Hapo ndipo nilipolia, na nalia tena sasa ninapoandika.

Bibi akaagiza sahani ya wali. Mama akamkumbusha kuwa ameshakula. "Nshakula, lakini lete," akasema, akamwashiria Mamdogo akae karibu, akafumbua kinywa alishwe. Mamkubwa akainuka akaenda uani kukosha masufuria, kazi ambayo sijamwona akiifanya tangu nipate akili. Tulimsikia akiyasugua kwa muda mrefu sana.

Kwa daktari nitampeleka mimi, tukamweleze ukweli tuone kama kuna namna. Mpaka hapo Bibi ametoa ahadi nusu, kwa masharti yake mwenyewe: "Jumatatu ntakunywa chai na Rukia. Hiyo Alhamisi tutazungumza."

Nilipokuwa navaa viatu Mamdogo alinifuata mlangoni. Akaniuliza, kwa sauti ya chini, nadhani Bibi atapenda apikiwe nini Jumatatu asubuhi. Nikamwambia chochote, Mamdogo, wewe unapika vizuri.

Akatikisa kichwa. "Si chochote," akasema. "Ndiyo Jumatatu ya kwanza atakionja chakula changu cha asubuhi."