Mteja Niliyemkatalia

Papa mpendwa,

Nakuandikia jambo ambalo ungenigombeza: nimemkatalia mteja wako mkubwa, yule mwenye maduka ya vyombo mtaani Golf.

Unakumbuka karakana yetu ya Katuba, alipotaka majiko ya makaa, mbabula mia, kabla ya Pasaka? Nilikuwa nakushikia bati. Mafundi hawakuwa wamepumzika wiki nzima. Mchana mmoja fundi wako Tonton Kalenga akasinzia akiwa amesimama, mkasi wa bati ukamkata vidole viwili. Ulichana shati lako ukamfunga, ukalia. Kisha ukarudi kwenye nyundo. "Kiliya iko mufalme," ukaniambia; mteja kwako alikuwa mfalme. Siku ile nilikupenda, Papa, na nilikukasirikia. Vyote viwili bado ninavyo.

Tangu utuache tumebuni mbabula mpya, yenye udongo ndani, inayokula makaa kidogo. Ya kwanza nilimpelekea Mama Bibiane, anayekaanga mikate karibu na chuo cha Kasapa. Siku ya nne akanirudishia, imepasuka.

"Iko muzuri, lakini haina nguvu," akasema. "Ikivunjika na mafuta ya moto juu, nitaungua miye."

Basi tukajua: udongo lazima ukauke majuma matatu kivulini. Hapo ndipo mteja wako akaja, akitaka mia kwa wiki moja.

"Haijakauka," nikamwambia.

"Mupake rangi, nani ataona? Na bantu yako batumike kazi hata dimanche, siku ya misa. Papa yako hakunikataliaka hata siku moja."

"Papa alikufa. Sasa niko miye. Hapana."

Akaondoka na oda zake zote, hata za sufuria. Mafundi wakanitazama. Niliogopa, sikufichi. Tonton Kalenga ndiye aliyecheka kwanza: "Ile 'ndiyo' ya papa yako ilikula vidole yangu. Hii 'hapana' yako, tuone itakula nini."

Ilikula mengi. Miezi miwili tulishindia bukari na mboga ya lengalenga, bila nyama wala samaki. Lakini mbabula ya pili ya Mama Bibiane haikupasuka, akatuletea wenzake. Sasa wanangoja zamu, na wananuna kungoja. Nawaacha wanune.

Ukinikasirikia huko uliko, kasirika. Kupiga bati ulinifundisha wewe. Kupumzisha watu nimejifunza mwenyewe. Kesho ni Jumapili. Mlango wa karakana yako nimeufunga, na ufunguo ninao mimi.

Pumzika na wewe, Papa.

Binti yako mkubwa, anayekupenda na asiyekutii