Mwenza wa Hisa Moja

Jumatatu, 2 Juni 2025

Baridi ya leo hapa Soweto, Mbeya, inang'ata hadi mifupa. Meneja wa lile duka kubwa la Iringa amepiga simu. Mchele wangu wameupenda, hawajakuta jiwe hata moja! (Watakutaje, nauchagua mwenyewe kwa vidole hivi.) Wanataka mifuko kila wiki. Ila wao hununua kwa kampuni, si kwa mtu. Nisajili kampuni, karatasi zimfikie kabla ya mwezi kuisha, la sivyo anampa mwingine.

Nilikata simu nikacheka peke yangu jikoni. Kisha nikatafuta wa kumwambia. Nimekuambia wewe, daftari.

Jumanne, 3 Juni

Sokoni Mwanjelwa, steshenari kwa Ambokile. Ndiye anayetujazia fomu za mtandaoni sote tusiojua kompyuta. Nikasema nataka kampuni. Akauliza ya nani na nani. Yangu. Wewe na nani? Mimi na mimi! Hakucheka.

"Mama, kampuni inataka watu wawili kwenda mbele. Kidole kimoja hakivunji chawa. Lazima uwe na mwenza."

Nikamjibu kwa utani: mwenza ninaye, yuko Iringa. Akauliza jina. Yasmini, nikasema. Akaandika! Yeye mlokole, mke mmoja, mwenza kwake ni mtu wa biashara. Sikumsahihisha. Ningeanzia wapi? Kwamba huyo ni mke mwenzangu, kwamba marehemu Anwari alikuwa na nyumba mbili, moja Mbeya na moja Iringa, na kwamba tangu tumzike, mwaka wa tatu huu, hatujasemezana? Siku ile nilimpa mkono bila kumtazama usoni.

Alhamisi, 5 Juni

Natafuta mtu mwingine. Kaka Junaid, kwa simu kutoka Tanga: kampuni ya nini mwanamke mzima, olewa. Jirani yangu Sabina aliitikia vizuri tu, mpaka nilipotaja namba ya NIDA. Jioni akarudi na ndizi. Mumewe kasema namba ya kitambulisho haiazimwi, watu wanakopea. Aliona aibu, maskini. Nikamwambia hakuna neno.

Basi nimekaa mezani, mimi na ndizi. Miaka ishirini Mwanjelwa, soko zima linanisalimia, na sina mtu wa kuandika chini ya jina langu!

Jumamosi, 7 Juni. Idi

Nimeswali, nimerudi. Pilau ya sufuria ndogo, na bado imebaki.

Anwari alikuwa akila Idi moja hapa, nyingine Iringa. Zamu. Siku tatu kwangu, tatu kwa Yasmini, ya saba barabarani na lori lake. Hakumpunja mtu hata nusu siku. Nilikuwa nazichukia zile siku tatu zake! Leo nimejiuliza: naye amekula na nani? Hana mtoto, kama mimi.

Nimeandika ujumbe: Idi mubarak. Nimeufuta.

Jumatano, 11 Juni

Ambokile kapiga, furaha tele, anashukuru kwa Kinyakyusa chake. "Ndaga mama! Jina imekubali!"

Jina gani? Mawili niliyompa yalikuwa na wenyewe, basi akaongeza la tatu kwa akili yake: Wenza Mchele Limited. Wenza! Kwake maana yake washirika. Waswahili wa Iringa wakiuona huo mfuko watakufa kwa kucheka — mchele wa wake wenza! Nilitaka kumgombeza. Nikaishia kucheka mpaka machozi, na si yote yalikuwa ya kicheko.

Nimemtumia Yasmini ujumbe. Mrefu. Nimeeleza yote: kampuni, jina, duka. Kwamba hisa ni mia, nachukua tisini na tisa, yeye moja, ya kutimiza sheria tu. Asiogope.

Ijumaa, 13 Juni

Kimya. Tiki mbili za bluu. Kasoma.

Jumatatu, 16 Juni

Kapiga! Nilikuwa napepeta, ungo ukaniponyoka, mchele sakafuni.

"Shikamoo, bi mkubwa."

Sikukumbuka kama ana sauti laini hivyo. Habari za kampuni hakuuliza. Aliuliza: "Hisa moja katika mia?" Nikaanza kueleza — mtaji wangu, safari za kufuata mpunga Ubaruku, miaka yangu sokoni. Akaningoja nimalize. Kisha akasema, bila hasira: "Marehemu alitugawia siku tatu tatu. Wewe unanipa moja kwa mia."

Akasema duka lile liko mtaa wa pili kutoka kwake, mzigo angeupokea na kuufikisha yeye. Alhamisi anakuja, tusaini mbele ya wakili. Au asisaini, akishaona.

Nimeudhika. Kazi ni yangu! Mgongo ni wangu! Na nimeudhika zaidi kwa sababu kasema kweli.

Alhamisi, 19 Juni

Saa tisa alasiri. Fomu iko mezani. Ambokile kaichapa upya, nafasi ya hisa kaiacha wazi, nijaze mwenyewe. Nimeandika 99 kwa penseli. Nimefuta. 60. Nimefuta. Karatasi imeanza kuchakaa pale. Hamsini mkono umekataa kuiandika. Nikimpa nusu, nusu ya jasho langu imekwenda. Nikimnyima, kesho anarudi Iringa, duka linakwenda kwa mwingine, na mimi narudi kwenye pilau yangu.

Kitanda cha chumba cha pili nimekitandika. Nikatandua, nikaweka shuka nzuri zaidi. Sijui kwa nini.

Simu. Yeye! Kashuka stendi. "Bi mkubwa, nielekeze njia. Kwako sijawahi kufika."

Nikamwelekeza polepole, mara mbili, hata pale pasipo na kona. Miaka mitatu hakuna mtu aliyeniuliza njia ya kwangu.

Kikombe cha pili nimekitoa kabatini. Kilikuwa na vumbi. Nimekiosha. Chai iko motoni, nimeweka tangawizi, sijui kama anaipenda. Penseli nimeiacha wapi tena —

Hodi! Mapema hivi! Nafasi bado tupu, na mdomo wangu umeshaitikia kabla yangu: karibu, mwenzangu —