Acha, Siyo Achilia

Jumamosi, 7 Februari

Bwawani Parramatta tangu saa kumi na mbili asubuhi. Majani yamefunika maji, huoni hata uwazi wa ukubwa wa sahani. Humo ndimo samaki wanaoitwa bass wanamojificha. Baba huwaita "basi". Kanisani wakisikia tunakwenda kukamata basi, wanauliza namba ngapi.

Unamrusha chura wa mpira, ndiye chambo, juu ya majani, unamvuta kidogo, unatulia, unamvuta tena. Samaki akimrukia, usivute papo hapo. Hesabu mbili, usikie uzito, ndipo uvute.

Leo maji yalipasuka. Baba nyuma yangu: "Acha! Acha!"

Nikaacha. Nilifungua mikono yote miwili. Fimbo ya kuvulia ikaenda na samaki.

Baba aliingia majini na suruali ya kazini, hadi kifuani. Fimbo akaipata. Samaki hakuna. "Mwanangu, acha siyo achilia!" Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilitaka kulia. Darasa la kwanza nilisoma kambini kwa wakimbizi, sasa miaka minane hapa ugenini, na Kiswahili kinanivuja.

Ndani ya gari hakucheka tena. Amepata kazi kiwanda cha nyama, Toowoomba. Kwa gari ni siku nzima. Anataka kujua kama naenda naye au nabaki Fairfield kwa Mama. Ijumaa anasaini mkataba wa nyumba ya huko. Chumba kimoja au viwili.

Nilijifanya namsafisha chura.

Jumapili, 8 Februari

Kanisani Baba alikaa mbele, Mama nyuma. Tangu waachane ndivyo ilivyo. Mimi katikati. Nachukia katikati.

Jumatano, 11 Februari

Nataka kubaki. Basi, nimeliandika.

Shule mpya siiwezi. Hii ya sasa ilinichukua mwaka mzima kumwambia mwalimu kwamba jina langu halitamkwi hivyo. Na nikienda, Mama atakula peke yake. Nikibaki, Baba atakula peke yake. Ana kwa ana siwezi kumwambia. Kwenye simu pia siwezi.

Mimi ni mwoga. Hilo nalo nimeliandika.

Alhamisi, 12 Februari

Nimemtumia ujumbe. Kwa Kiswahili, kwa heshima. Nimefuta mara sita. "Baba, nakuomba uniache."

Ameusoma.

Jumamosi, 14 Februari

Baba hakuja kunichukua. Nilikaa kwenye ngazi, kofia kichwani, hadi saa tatu.

Mama akauliza kuna nini. Nikampa simu. Akasoma mara mbili.

"Umemfukuza baba yako?"

"No! I just want to stay."

"Hivi ndivyo binti anavyomwambia mwanaume anayemfuata njiani. Akuache wapi, mwanangu? Wapi?"

Hapa. Neno "hapa" sikuliandika.

Nimepiga mara nne. Hapokei.

Jumatatu, 16 Februari

Baba alikuwa getini nilipotoka shule. Macho mekundu. Nilimwambia palepale, watoto wote wakipita: "Hapa, Baba. Nilitaka uniache hapa. Siyo uniache."

Akatazama viatu vyake. "Kumbe ni hapa," akasema.

Nikamwuliza kuhusu nyumba.

"Acha tu, mama."

Alisaini nyumba ya chumba kimoja. Ndicho nilichokuwa nakitaka. Mbona sifurahi?

Alhamisi, 19 Februari

Baba ameondoka alfajiri. Nilisikia gari lake likisimama nje, sikuinuka kitandani. Nilikuwa macho.

Fimbo ameiegemeza mlangoni, chura ameshafungwa kwenye uzi.

Jumamosi, 21 Februari

Nilipanda treni, kisha basi, la kweli. Peke yangu. Mawingu mazito, majani yameongezeka.

Saa nzima hakuna kitu. Halafu maji yakapasuka. Nyuma yangu hakuna aliyesema neno. Moja. Mbili. Uzito ukaja.

Mdogo, kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi kiganja. Nilimtoa ndoano, nikamshika majini mpaka akapata nguvu, nikafungua vidole.

Nilimwandikia Baba kwamba nimepata basi.

Jioni amejibu: "Uliacha au uliachilia?"

Yote mawili, Baba.