Pensheni ya Daktari Liang

Guangzhou,
14 Novemba 1998

Dada yangu Bertila,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe, shemeji na watoto, na kwamba mvua za vuli zimefika huko Same. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio mgonjwa. Nampa Clementina akuletee. Amemaliza kununua nguo zake za biashara katika soko la Shisanhang na kesho anasafiri.

Uliniuliza habari za mwalimu wangu, Daktari Liang, yule aliyenipikia uji nilipougua homa. Ametibu wagonjwa wa akili tangu ujana wake. Mwaka huu madaktari wa hospitali yetu, hapa ninaposomea udaktari, walidai wastaafu mapema na kwa pensheni kamili, kwa kuwa kazi hii huwavunja. Magazeti yakalivalia njuga dai hilo. Watu waliopunguzwa viwandani wakasema wao wameambulia patupu, iweje wanaowafungia vichaa milango wadekezwe?

Ukaitishwa mkutano wa hadhara. Mwenyekiti akamtaka mwalimu aeleze kazi hiyo imemdhuru nini. Akasogeza nywele, akaonyesha sikio lililong'atwa na mgonjwa likabaki kipande. Ukumbi ukacheka. Mtu mmoja akauliza kama sikio nalo linadai pensheni yake, wakacheka upya.

Wenzake wakanywea. Yeye akawa anasimama na bango langoni pa hospitali kila asubuhi, akimweleza kila apitaye madai yao. Mkurugenzi akatangaza kwamba mtu anayerudia neno lilelile kutwa ni mgonjwa. Wakamlaza katika wodi aliyokuwa akiiongoza. Wagonjwa hawakuacha kumwita daktari. Walipanga foleni kitandani kwake, hata wauguzi wakamfunga mikono asiwapime.

Kisha, dada, pensheni ikatoka. Kamili, kama alivyodai. Ila kwa kuwa asiye na akili timamu hashiki fedha zake, inakwenda hospitali kulipia kitanda alicholazwa.

Lipo jambo sijamwambia mtu. Jana nilikuwa na mtihani wa mwisho wa vitendo. Mgonjwa niliyeletewa alikuwa yeye, kavaa sare ya wodi. Nilitakiwa nimhoji mbele ya jopo, kisha niseme kama ni mzima. Kila swali alilijibu sawasawa. Dada, nilijua kabisa. Lakini mkurugenzi alikuwa amekaa katikati ya jopo, na ndiye anayetia saini ufadhili wangu. Nikasema ni mgonjwa.

Mwalimu akanitazama bila hasira. Akasema, "Heriel, hukuniuliza habari za usingizi. Mtahini makini angekupunguzia alama."

Jopo likaandika kwamba mgonjwa bado anajidhania mwalimu.

Mwambie mama nimefaulu. Mwambie hilo tu, mengine yabaki kwako. Nisalimie shemeji, uwabusu watoto, na wote wanaoniulizia wape salamu zangu.

Ni mimi mdogo wako,
Heriel