Maji Niliyoyahamisha

Adelaide, 18 Novemba

Babu,

Kabla hata sijakuamkia, kuna jambo sijamwambia mtu yeyote: nimeyahamisha maji yako.

Shikamoo Babu. Goti linaendeleaje? Yule mbwa mweusi bado analalia viatu vyako? Mimi sijambo, ila usingizi sipati.

Mwalimu Pruitt alituambia tuchore ramani za kwetu. Wenzangu walichora barabara na viwanja vya mpira. Mimi, unajua nisivyoweza kusema mbele za watu, nikaona angalau nitachora. Nikachora mawe mekundu, njia ya mchanga, na kisima kile unachokifukua kwa mikono. Halafu nikaogopa. Kisima ni chako. Mimi ni mlinzi wake tu, kwa upande wa mama. Nikafuta, nikakichora mbali kabisa, upande wa machweo. Nikaona nimekilinda.

Ramani imepata zawadi ya kwanza. Mwalimu akasema darasani, "Delvina, setelaiti haikuona maji huko, wewe umeyaonyesha!" Sasa tarehe kumi na nne Desemba anakwenda huko na kaka yake kwa gari. "Tutajaza madumu kwenye kisima chako," anasema, anacheka.

Babu, Desemba, jua linapochoma kuliko miezi yote! Nikisema ukweli nitaulizwa kiko wapi. Nikinyamaza, watafika pakavu. Nifanyeje? Naandika kwa lugha yetu, na bado kila nikisikia nyayo nauficha ukurasa chini ya mto.

Mjukuu wako,
Delvina

*

Nyumbani, 30 Novemba

Mjukuu wangu,

Marahaba. Anayeandika ni mama yako mdogo Marcelline, mimi natafuna mkia wa kangaruu. Goti bovu. Mbwa amekula kiatu kimoja. (Mimi Marcelline nasema ni viwili, na cha pili ni changu.)

Barua yako nimesomewa mara tatu. Ya kwanza nilikasirika. Ya pili nilicheka, kwamba mtoto kang'oa kisima kakibeba begani. Ya tatu sikucheka. Upande wa machweo ni jangwa la chumvi tupu. Hata sisi hatupiti huko Desemba.

Nikisimulia habari za nchi ile ya kisima, nani hukaa kando yangu? Mama yako, mlinzi kama wewe. Nchi ni yangu, lakini nikikosea ananikatiza mbele ya watu wote: "Siyo hivyo, baba." Naanza upya. Hiyo ndiyo kazi ya mlinzi. Nani alikwambia ni kuficha? Unasema "siyo hivyo", kwa sauti, mbele ya walewale waliosikia kosa.

Akiuliza kiko wapi, mwambie, "Hilo si langu kulisema." Aje hapa kwanza. Anywe chai, akae siku mbili bila kuuliza maswali, kama ataweza huyo! Nikimwona anafaa nitampeleka mwenyewe, nimtambulishe. Maji yale hayamjui.

Usikawie, mama.

Babu yako

*

Adelaide, 13 Desemba

Babu,

Shikamoo. Nisamehe, barua yako ilifika tarehe sita. Siku saba nimeibeba mfukoni hadi imechanika kwenye mikunjo. Mara mbili nilimfuata mwalimu hadi kwenye gari lake. Mara ya kwanza nikamuuliza kuhusu mtihani. Mara ya pili nikamwambia likizo njema.

Jana alinionyesha mizigo. Madumu mawili tu. "Ya nini kubeba mengi? Tunakwenda kwenye maji!"

Usiku kucha nimeyaona madumu yale.

Asubuhi hii nimemwomba mlezi wa bweni amwite mwalimu hapa chumbani, na wenzangu wa darasa ambao hawajaondoka. Akashangaa, "Wewe Delvina? Wote?" Nikasema wote, wote walisikia. Nimeibandua ramani ukutani, nimekipiga mstari kisima.

Zawadi wataichukua, wachukue. Nilikuwa nalifanyia mazoezi neno lako lile, "siyo hivyo", kwenye kioo, na hata peke yangu sauti haitoki vizuri.

Wako kwenye ngazi sasa. Ni wengi, na kicheko cha mwalimu nakitambua. Mkono wangu umekwenda wenyewe kwenye mto. Nimeurudisha.

Wamefika mlangoni. Ukurasa uko hapahapa mezani, wazi, pamoja na ramani. Naweka kalamu nisimame