Siku Niliyomwambia Bi Thuraya Asirudi

Mjini Ibra, Jumatatu, baada ya Adhuhuri

Mama yangu mpenzi,

Assalaamu alaykum, na shikamoo kwa mikono miwili. Mguu unakwendaje? Na ile dawa ya presha unaimeza kila siku, au siku unapoikumbuka tu? Mimi mwili wangu mzima, alhamdulillahi. Nakula, nalala, nafanya kazi. Yaliyobaki ndiyo yaliyonifanya niandike badala ya kupiga simu. Kwenye simu ukiniuliza "mwanangu, una nini?" nasema sina kitu, kisha nakata na kusingizia mtandao. Barua hii anakuja nayo jirani yetu anayekwenda Unguja kuwatazama wazazi wake, nimemsihi akupe mkononi. Mdogo wangu Nasra akusomee, lakini muwe wawili tu.

Nilikwambia Shadya alipata homa, akalazwa, akapona. Kupona kapona. Lakini hasikii, Mama. Masikio yote mawili hayasikii kitu, na mimi nina sehemu yangu katika hilo.

Wewe unamjua kwa picha tu, huyu mtoto wa pekee wa Ami Nasor, niliyekuja huku kumlea. Ana miaka kumi na tatu, mwembamba, meno ya mbele yamepandana, na Kiswahili chake cha kuokoteza: "Dada Raya, hii viatu yangu iko wapi?" Nikimsahihisha anasema, "Khalas, basi, si umefahamu," anakimbia. Ami yuko kazini mjini Sur wiki nzima, hurudi Alkhamisi. Mkewe, Bi Thuraya, anasomesha, na akitoka skuli ana kazi zake. Kwa hiyo mchana kutwa tulikuwa wawili, mimi na mtoto.

Alikuwa na katuni yake ya Kijapani, wenyewe wanaita anime. Ilianza kama mchezo wa simu. Wewe mchezaji ndiye meneja wa wasichana wanaotaka kuwa waimbaji. Unawachagulia nguo, unawapeleka mazoezini, na wakipanda jukwaani unagusa kioo kwa kufuata mapigo ya wimbo. Mchezo ulipopendwa ukatengenezewa filamu ya mfululizo. Wasichana kumi na wawili, ofisi yao chumba kimoja juu ya duka la dobi, na hapana anayewajua. Wanajifunza kucheza juani, wanaimba mbele ya watu saba, wanalia, kesho yake wanarudi. Mwanzo niliona upuuzi. Shadya akanivuta mkono: "Kaa, Dada Raya. Moja tu." Akawa anasoma maandishi ya Kiarabu chini ya picha na kunifasiria.

Kuna mmoja mle ana sauti nzuri lakini babake hataki aimbe. Tulipofika hapo Shadya akasimamisha picha, akanitazama. "Mbona unalia?" Wewe unajua kwa nini, Mama. Unakumbuka nilivyokuwa nikisimama nje ya klabu ya taarabu kuwasikiliza wakifanya mazoezi, na siku baba, Mungu amrehemu, aliponifuata, akanirudisha nyumbani bila kunipiga wala kunigombeza, na hapana aliyelizungumza tena. Tangu siku hiyo ya katuni nikawa mraibu kuliko mtoto mwenyewe. Yeye akiwa skuli mimi nahesabu saa arudi tuendelee.

Sasa nakueleza siku yenyewe.

Bi Thuraya alikuwa amekwenda Nizwa kwenye matanga ya shangazi yake. Ami zamu ilimbakisha Sur. Ijumaa Shadya na wenzake watatu walicheza juu ya dari tangu Alasiri mpaka Magharibi, wakijitayarisha kwa sherehe ya wasichana skuli. Nilikuwa nimemshonea sketi ya marinda kwa kitambaa cha soko la wanawake la Jumatano, akawa anazunguka nayo mpaka anayumba. Jumamosi asubuhi aliamka kichwa kinamuuma. Nikasema ni jua na uchovu. Nikampa panadoli na maji ya ndimu, nikamlaza.

Saa nne Bi Thuraya alipiga simu.

"Shadya hajambo?"

"Kichwa tu. Kachoka na kucheza."

"Ana homa?"

Mama, nilikuwa nimeshamgusa. Alikuwa wa moto. Nikasema, "Kidogo."

Nyuma yake nilisikia wanawake wanasoma Qur'ani. "Nirudi?"

"Usirudi, Bi Thuraya. Maliza matanga. Mimi nipo."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilisema vile. Nilitaka anione mtu wa kutegemewa, hilo moja. La pili ni aibu. Sehemu ya tisa ya katuni nilikuwa nimeiacha katikati, na mama wa nyumba akirudi, televisheni ingezimwa.

Karibu na Adhuhuri mtoto aliniita kutoka chumbani. "Dada Raya, punguza sauti." Nikapunguza. Akaita tena, "Pazia, funga, mwanga inauma." Nikafunga. Alitapika, nikapangusa, nikambadilisha shuka, nikamwambia alale. Kisha nikarudi sebuleni. Nikaimaliza ya tisa, nikatazama na ya kumi yote, bila wa kunifasiria. Alasiri nilipokwenda kumwamsha anywe maji, shingo yake ilikuwa ngumu kama ubao, na akaniita kwa jina la bibi yake.

Nilitoka mbio bila viatu. Jirani ndiye aliyetupakia kwenye gari lake. Hospitalini daktari aliniuliza, "Hali hii tangu saa ngapi?" Nikamwambia tangu asubuhi. Hakunigombeza. Alitazama saa yake ya mkononi, basi. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Siku ile ile walimpeleka Maskati, na Bi Thuraya akatukuta huko na nguo zake za msibani.

Siku alipopata fahamu tulikuwa sote watatu, mimi, Ami na Bi Thuraya, kando ya kitanda, tunalia kwa furaha, tunamwita. Akatutazama mmoja mmoja, akasema kwa sauti kubwa mno, "Mbona mnazungumza kimya kimya?"

Kuna kifaa wanachopandikiza sikioni kwa operesheni, kinasaidia wengi. Ami alikuwa tayari kwa lolote. Lakini walipompiga picha waliona ndani ya masikio mfupa umeshaziba kwa sababu ya ugonjwa, na madaktari wakasema hawaoni kama kitafaa. Daktari wa hospitali ya pili kasema hayo hayo. Ami alitoka mle ndani akakaa garini, hakuwasha gari, na sisi tukakaa naye.

Tumerudi Ibra sasa. Shadya alikuwa akipiga kelele bila kujua, watu wakigeuka sokoni kumtazama, mpaka akafahamu, na tangu alipofahamu hasemi. Anaandika kwenye simu. Ule mchezo wake alijaribu kuucheza kwa macho. Nilimwona kakaa sakafuni anagusa kioo, anakosea, anaanza upya, anakosea. Alikuwa bingwa, Mama, vidole vyake vilikuwa havionekani kwa kasi. Akaufuta mchezo wote mbele yangu, akaenda kuosha uso.

Wiki iliyopita alikuja jikoni nikikatakata vitunguu. Akanipa simu. Ameandika: "Siku ile ulijua mimi mgonjwa sana?"

Ningeweza kuandika hapana. Hapana mwingine aliyekuwepo. Nilifuta mikono nikaandika: "Nilijua una homa. Mamako alitaka kurudi, nikamwambia asirudi. Nilikuwa natazama katuni. Nisamehe."

Akasoma. Akasoma tena. Nikangoja anipige, au alie. Akaandika maneno machache, akanionyesha: "Ulifika ya ngapi?"

Nikamwonyesha vidole kumi.

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeulizia nauli akajibiwa, akaenda chumbani kwake, akafunga mlango. Tangu hapo chakula nikipeleka mimi hakiguswi. Akipeleka mamake, anakula.

Nikaona bora na Bi Thuraya ayasikie kwangu. Nilimwambia akiwa anasahihisha madaftari ya wanafunzi wake. Nilimweleza yote, hata ile ya kumi. Aliweka kalamu chini. "Raya," akasema, "uliponambia nisirudi, unajua nilifanya nini? Nilishukuru. Nilikuwa sijakaa na ndugu zangu mwaka mzima." Kisha akasema, "Wala kusema hivyo si kukusamehe. Sijui kama nimekusamehe." Akaichukua kalamu akaendelea. Madaftari mengine aliyasahihisha mara mbili.

Mama, hapa nilipo sijui nifanye nini. Shadya anahamishiwa Maskati, kwenye skuli ya watoto wasiosikia, na anatakiwa mtu wa kukaa naye huko, ajifunze naye lugha ya mikono. Bi Thuraya hawezi kuacha kazi. Ami kanambia, "Ukitaka kwenda naye, nenda. Ukitaka kurudi kwenu, tiketi nitakukatia, hapana atakayekulaumu." Mtoto aliulizwa kama anataka niende naye. Akainua mabega, basi.

Nikiondoka, nimekimbia. Nikibaki, kila akiamka anamwona aliyekaa sebuleni. Nikisali namaliza na sikumbuki nimesoma nini. Nguo zangu zimo begini tangu Ijumaa. Nazitoa moja moja za kuvaa, na zikishafuliwa nazirudisha mle mle.

Usiniandikie kwamba ni kudra. Najua ni kudra, kila anayekuja kututazama ananambia. Nijibu neno moja tu: ungekuwa wewe ndiye mamake Shadya, ungetaka nibaki?

Nisalimie Nasra, na umwambie asilie mbele yako. Msalimie mjomba Hemed, nimepata habari ameanza tena kwenda msikitini kwa miguu yake, nimefurahi. Na shangazi yangu wa Mkunazini, yule aliyenipa kanga za safari, mpe mkono wangu lakini haya usimwambie.

Nitie katika dua zako, na Shadya umtie mbele yangu.

Mwanao,
Raya